Sahani ya Jirani: Historia ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Jicho la Mlaji

Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kina sehemu mbili katika historia ninayotaka kuieleza, na vitabu vya historia ya tiba kwa kawaida huzitenganisha. Ya kwanza ni ya mwaka 1944 na 1945. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vinaelekea mwisho, Ulaya ilijaa watu wenye njaa, na mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys alitaka kujua njaa inamfanya nini binadamu na namna ya kumrudishia afya yake. Vijana 36 waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri walijitolea. Maabara yao ilikuwa ndani ya jengo la uwanja wa mpira wa chuo. Kwa wiki 24 walilishwa viazi, mkate, tanipu na makaroni, karibu nusu ya walichozoea kula, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1950 katika juzuu mbili nene, na Keys na wenzake hawakueleza mifupa na mapigo ya moyo peke yake. Walieleza pia macho. Vijana wale walianza kuota chakula. Watu ambao hawakuwa na habari na mambo ya jikoni walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma usiku. Walilamba sahani. Mlo mdogo waliuvuta ukachukua muda mrefu. Walikereka kuona chakula kinapotezwa, na wengine walipata raha ya ajabu kwa kumtazama mtu mwingine akila.

Sehemu ya pili ni ya mwaka 1954. Katika chuo hicho hicho, Arnold Kremen, John Linner na mwenzao Nelson walichapisha utafiti uliofanywa kwa mbwa kuhusu kazi ya kila sehemu ya utumbo mwembamba. Humo ndimo ilimoanzia njia ya kumsaidia mtu mnene kupita kiasi kwa kuufupisha utumbo unaopitiwa na chakula. Upasuaji wa kupunguza uzito ulizaliwa hapo, miaka tisa tu baada ya vijana wa Keys kurudi makwao.

Hoja yangu ni hii. Njaa ya Keys na kisu cha akina Kremen vyote vinaweza kumwondolea mtu robo ya uzito wake. Lakini aliyenyimwa chakula hukikuza machoni pake mpaka kikaijaza dunia, na aliyepasuliwa, kwa baadhi ya aina za upasuaji, hukiona kinapungua. Naijua tofauti iliyopo kati ya makundi hayo: vijana wa Keys walianza wakiwa watu wa kawaida, na wagonjwa wa upasuaji huanza wakiwa na akiba kubwa mwilini. Hata hivyo tofauti ya macho ni kubwa mno kuelezwa na akiba peke yake. Mwenzangu mmoja wa darasa aliniuliza kama hii ni historia au biolojia. Ni historia, kwa sababu madaktari walichukua karibu miaka 50 kuiona, na katika muda huo wote walikuwa wakiwahukumu walaji.

Hesabu ya madaktari wa kwanza ilikuwa ya fundi bomba. Kama chakula kinaingia kingi, fupisha bomba, kisipate muda wa kufyonzwa. J. Howard Payne na Loren DeWind, wa Los Angeles, walieneza njia ya kuunganisha takriban inchi 14 za mwanzo wa utumbo mwembamba na inchi 4 za mwisho wake, wakati utumbo wote una urefu wa kama mita 6. Anayeijua Kampala afikirie lori linalotoka Masaka kwenda Jinja kwa kupitia Northern Bypass: linafika, lakini mji hauioni mizigo yake. Ndiyo maana hata katika Kiswahili nitaiita baipasi. (Neno mchepuko lingefaa zaidi, ila wasomaji wa Dar es Salaam wameshalipa kazi nyingine.) Kwa mantiki hiyo mgonjwa hakuwa na haja ya kubadili ulaji wake. Angekula kama zamani, na mwili usingepata.

Njia hiyo iliumiza watu wengi. Kuhara kusikokoma, mawe ya figo, ini kushindwa kazi, na vifo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeachwa, na wagonjwa wengi walirudishwa mezani kuunganishwa tena. Vitabu vingi humalizia hapo na kugeuza ukurasa. Lakini mwaka 1976 Mills na Albert Stunkard walichapisha makala kuhusu tabia za wagonjwa wa aina hiyo, na ndani yake mna jambo lililopaswa kumshtua fundi bomba. Wagonjwa walikuwa wakila kidogo kuliko zamani, kwa utulivu kuliko zamani, bila ile huzuni na hasira inayowapata watu wanaojinyima chakula. Utumbo ulikuwa umekatwa mbali na mdomo, na mdomo ulikuwa umebadilika.

Stunkard hakuwa mtu wa kawaida kulisema hilo. Alikuwa daktari wa akili, na tangu miaka ya 1950 aliwasikiliza watu wanene badala ya kuwahutubia. Mwaka 1959, pamoja na McLaren-Hume, alionyesha kwamba wengi waliotibiwa unene kwa kupunguza chakula hawakupungua kwa kiasi cha maana, na waliopungua hawakudumu hivyo. Alijua, basi, kwamba mtu anayejinyima hutembea na chakula kichwani, kama vijana wa Keys. Sasa alikuwa anaona watu waliopungua sana na vichwa vyao havikujaa chakula. Hakuwa na maelezo ya kibiolojia. Aliandika alichokiona.

Wakati huo huo njia nyingine ilikuwa inakua huko Iowa. Edward Mason alikuwa amegundua kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walibaki wembamba bila kujitahidi. Mwaka 1966, pamoja na Chikashi Ito, alianza kulifanya jambo hilo kwa makusudi: akaligawa tumbo, akabakiza kijifuko kidogo juu, na kukiunganisha na utumbo. Hii ndiyo baipasi ya tumbo inayofanywa hadi leo, ingawa imefanyiwa marekebisho mengi, na tangu miaka ya 1990 hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Mason mwenyewe baadaye alitafuta njia nyepesi zaidi. Mwaka 1980 alibuni upasuaji wa kulipunguza tumbo kwa kulibana kwa pini na kuliwekea ukingo, bila kugusa utumbo kabisa. Tumbo dogo, mlango mwembamba. Mtu hawezi kula sana hata akitaka.

Neno la kuzingatia hapo ni akitaka. Njia hii ya kubana ilikuwa jaribio zuri kwa mwanahistoria, ijapokuwa halikukusudiwa hivyo. Tumbo lilipungua, lakini macho yalibaki yale yale. Nyama na mboga zilikwama na kutapikwa, basi watu wakahamia kwenye vitu laini vinavyopita: aiskrimu, maziwa yenye sukari, chokoleti. Mwaka 1987 Harvey Sugerman na wenzake, huko Richmond, Virginia, walichapisha ulinganisho wa njia hiyo na baipasi, na humo waligawa wagonjwa katika makundi mawili: wala vitamu na wasiokula vitamu. Wala vitamu waliobanwa tumbo walipungua kidogo kuliko wenzao waliopata baipasi.

Nimelisoma jina hilo mara nyingi, wala vitamu. Linafanana na jina la kabila, au la dhambi. Kwa miaka kadhaa katika kliniki mtu aliulizwa kwanza yeye ni mlaji wa aina gani, ndipo achaguliwe kisu chake. Kwa nini baipasi iliwasaidia wala vitamu? Maelezo ya wakati ule yalikuwa ya adhabu. Baada ya baipasi, sukari huporomoka haraka kwenye utumbo, na mtu hupata jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kizunguzungu. Akishaonja uchungu huo mara mbili tatu, hatarudia. Mlaji ni mtoto, utumbo ni fimbo.

Maelezo ya fimbo yalianza kulegea karibu na mwisho wa karne. Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waligundua homoni inayotoka tumboni, grelini, ambayo baadaye ilionekana kuchochea njaa. Mwaka 2002 David Cummings na wenzake, wa Seattle, walichapisha vipimo vyake. Watu waliopungua kwa kujinyima chakula walikuwa wamepoteza asilimia 17 ya uzito, na grelini yao ilipanda kwa asilimia 24, yaani mwili uliwapigia kelele wale. Waliofanyiwa baipasi, ingawa walipungua zaidi, walikuwa na grelini chini kwa asilimia 77 kuliko watu wa uzito wa kawaida. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote kuhusu grelini baada ya baipasi, na homoni nyingine za utumbo, hasa zile zinazoleta shibe, zimechukua nafasi kubwa zaidi katika maelezo. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Makala ya mwaka 1976 ilikuwa imepata jirani wa kuzungumza naye.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote ni wa London, uliochapishwa mwaka 2014. Samantha Scholtz, Tony Goldstone na wenzao waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwaonyesha picha za vyakula. Kundi moja lilikuwa limefanyiwa baipasi, jingine lilikuwa limefungwa mkanda juu ya tumbo, na kwa wakati ule uzito wa makundi yote mawili ulikuwa unalingana. Waliofungwa mkanda, ubongo wao uliichangamkia zaidi picha ya keki. Wa baipasi hawakuchangamka sana, na wenyewe walisema vyakula vya mafuta na sukari haviwavutii kama vinavyowavutia wale wengine. Picha ni ile ile, uzito ni ule ule, wanaoitazama ni watu wawili tofauti. Ningekuwa na uwezo ningeiweka picha hiyo ukutani katika kila zahanati ambako mgonjwa mnene huambiwa ajitawale.

Hadi hapa nimezungumzia macho ya mtu kwa chakula chake mwenyewe. Mezani, hata hivyo, kuna sahani ya jirani, na hapo madaktari wamesema machache, kwa hiyo nitaleta mfano wa nyumbani.

Mimi ni Mganda, na kwetu shangazi, dada wa baba, huitwa ssenga. Ndiye anayewafunda wasichana, na mara nyingi ndiye anayesimamia jiko siku ya sherehe. Ssenga wangu alifanyiwa upasuaji India miaka minne iliyopita, wa aina ile inayokata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza mrija kama ndizi. Hakumwambia mtu isipokuwa baba yangu. Katika mwaka mmoja alipungua karibu theluthi ya uzito wake, na minong'ono ikaanza. Msomaji asiye wa Uganda huenda asielewe uzito wa minong'ono hiyo. Kwetu UKIMWI ulipewa jina la Slim kabla haujajulikana kwa jina jingine. Makala ya kitabibu ya mwaka 1985, iliyowaeleza wagonjwa wa Rakai, iliutumia jina hilo hilo kwenye kichwa chake. Kizazi cha wazazi wetu kilijifunza kusoma kifo katika shavu la mtu. Mwanamke wa miaka 50 anayekonda haraka Kampala hasifiwi. Anaombewa. Wanawake wa kanisani walianza kuhesabu anachokula, na alikuwa akila kidogo sana, jambo lililothibitisha hofu yao.

Kumchunguza mlaji si jambo jipya katika ukanda wetu. Mwaka 1861 John Hanning Speke, akiwa Karagwe kwa Mfalme Rumanika, aliwakuta wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa, akamwomba mmoja wao ampime, na akaandika vipimo vyake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863. Aliandika pia habari za binti aliyekuwa akinyweshwa maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Speke ni shahidi wa kutiliwa shaka, msafiri anayetafuta la kuwashangaza wasomaji wa London, na hakumuuliza binti yule alijisikiaje. Lakini fimbo ile naiona tena katika maelezo ya Richmond, safari hii ikiwa ndani ya utumbo na ikielekezwa upande wa pili. Heshima ya unene imegeuka kuwa aibu ya unene. Jambo ambalo halikugeuka ni kwamba kuna mtu anasimama juu ya mlaji na kumtazama.

Nirudi kwa ssenga. Krismasi iliyofuata tulikusanyika kwa bibi, Masaka. Kulikuwa na matooke na luwombo la kuku lililoivishwa ndani ya jani la mgomba. Kwetu hata mpita njia hukaribishwa aguse tonge moja, na anayekataa chakula cha nyumba husemekana ana neno moyoni. Ssenga alikula matonge matatu, akaacha. Bibi akamtazama, akamuuliza: "Nani amekuudhi?" Meza ikanyamaza. Alijibu kwamba hakuna, ameshiba tu, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akituambia, "Kula, mwanangu, hujala kitu."

Kisha mdogo wangu akainuka kuongeza. Ssenga akaitazama sahani yake muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini, "Utayamaliza yote hayo?" Mdogo wangu ana miaka 16 na ni mwembamba kama ufito. Alirudisha kijiko.

Nilimuuliza ssenga jambo hilo miezi kadhaa baadaye, nilipoanza kukusanya habari za insha hii, naye aliniruhusu niandike bila kumtaja jina. Alisema hakukusudia kumwaibisha mtoto. "Nikiona sahani imejaa hivyo," alisema, "tumbo langu linauma kwa niaba yenu." Akanyamaza, halafu akaongeza: "Na ninajiona mimi. Vile nilivyokuwa nikikaa pale na kuongeza, na ninyi nyote mkiniangalia mkijifanya hamnioni."

Jibu lake lilinirudisha kwenye makala ya mwaka 1991 ambayo nilikuwa nimeisoma harakaharaka na kuiweka kando. Colleen Rand na Alex Macgregor, wa Florida, waliwauliza wagonjwa 47 waliokuwa wamepungua baada ya upasuaji wangechagua nini kati ya kurudia unene wao na kupata ulemavu mwingine. Wote walisema heri wawe viziwi kuliko kuwa wanene tena. Waliulizwa kama wangekubali kuwa wanene na matajiri wa kutupwa. Wote walikataa. Wengi hulisoma hili kama ushahidi kwamba unene ni mateso. Mimi nalisoma pia kama maelezo ya jicho. Anayelia kwa hofu ya alivyokuwa, akikutana na sahani iliyojaa, haoni sahani ya mtu mwingine. Anaona mlango ulio wazi wa kurudia kule.

Na mlango huo uko wazi kweli. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström, wenye watu zaidi ya 4,000, nusu wakiwa wamepasuliwa, unaonyesha hivyo. Katika mwaka wa kwanza au wa pili waliopata baipasi walikuwa wamepungua kwa asilimia 32, na baada ya miaka kumi asilimia 25. Waliobanwa tumbo walitoka 25 hadi 16, waliofungwa mkanda 20 hadi 14. Utafiti huo huo ulionyesha mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao, kwa hiyo sisemi upasuaji haufai. Nasema kwamba njaa, ambayo mwanzoni hunyamaza, kwa wengi hurudi kidogo kidogo, na mtu anayeisikia ikirudi huwa mlinzi mkali. Robo ile ile ya uzito wa Minnesota imebaki, lakini inalindwa.

Hapa tofauti yangu nzuri kati ya vijana wa Keys na waliopasuliwa inaanza kutoboka. Ssenga hutazama vipindi vya mapishi kwenye televisheni jioni nzima. Anapika kuliko zamani, anapakua kwa mkono mzito, na anaudhika usipomaliza, mtu yule yule aliyemuuliza mdogo wangu kama atamaliza. Nilidhani nimepata ushahidi kwamba njaa ya Keys imemfikia naye. Nilipomweleza habari za wale vijana na vitabu vyao vya mapishi alitikisa kichwa. Wao walisoma wakitamani kula, alisema, yeye hatamani. Anataka kuona mtu anashiba, kwa sababu shibe yake mwenyewe inakuja upesi mno, kabla hajaionja. Nimeandika jibu lake kama alivyolisema kwa sababu sijaliona katika makala yoyote ya kitabibu, na nadhani halimo kwa sababu wanaouliza huuliza kuhusu sahani ya mgonjwa tu.

Ndani ya nyumba mabadiliko haya yana gharama. Uchunguzi uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji, kama walikuwa na mwenza, waliachana mara nyingi zaidi kuliko wasiofanyiwa, na kama hawakuwa na mwenza, walioa au kuolewa mara nyingi zaidi. Watafiti walitaja uhusiano kubadilika na mtu kujiamini upya. Ningeongeza meza. Wanandoa waliozoea kula pamoja saa mbili usiku, chipsi na kuku na soda, mmoja akiacha, mwingine hubaki anakula mbele ya shahidi. Pombe nayo ina habari yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulikuta matatizo ya ulevi kwa asilimia 7.6 ya wagonjwa kabla ya upasuaji na asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baada yake, na ongezeko lilihusiana hasa na baipasi, ambayo huifikisha pombe kwenye damu haraka. Watu hupenda kusema kwamba mlevi huyo amehamisha tamaa yake kutoka sahani kwenda glasi. Ni kauli nyepesi, na ni kaka wa lile jina la wala vitamu.

Tangu mwaka 2021, Marekani ilipoidhinisha semaglutaidi kwa kupunguza uzito, jambo ambalo Stunkard aliliona kwa watu waliokatwa utumbo linapatikana kwa sindano ya kila wiki. Dawa hiyo huiga mojawapo ya zile homoni za shibe, na wanaoitumia husema chakula kimenyamaza kichwani. Tanzania, watu tayari wanazungumza kwa kawaida kabisa kuhusu puto linalowekwa tumboni. Meza zenye mtu mmoja anayeshiba kwa matonge matatu zitaongezeka, na kwetu bado hatuna maneno ya kumwezesha mtu huyo kukataa chakula bila kuonekana ana ugonjwa au ana kinyongo.

Marekani baadhi ya hospitali humpa mgonjwa kadi ndogo ya kuonyesha mgahawani, inayoeleza kwamba amepasuliwa tumbo na kuomba apewe chakula kidogo, au cha bei ya watoto. Nilijaribu kuiandika kadi hiyo kwa Kiswahili, kwa matumizi ya harusi zetu, pale kwenye mstari mrefu wa kupakuliwa: mwenye kadi hii amefanyiwa upasuaji wa tumbo, tafadhali mpakulie kidogo. Nikamsomea ssenga. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema mpakuaji wa Masaka akiisoma hiyo atamwita mwenzake, wamwonee huruma pamoja, na kumwongezea supu.